Siku Mama Lifti Alipopaa

Wifi yangu amesafiri maisha yake yote bila kutoka nje ya jengo moja. Anapanda, anashuka. Jengo lina ghorofa tano na lifti moja ya zamani, yenye mlango wa wavu wa chuma unaokunjwa, hivyo ukisimama kwenye korido unamwona aliyemo ndani naye anakuona, mnasalimiana huku anapita. Lifti hiyo haina vitufe. Ina mkono wa shaba, na mkono unahitaji mtu wa kuushika. Mtu huyo alikuwa mume wake. Mume alipofariki tulidhani wifi atajifungia ndani alie, lakini msiba ulipoisha tu alikwenda akakalia kigoda kile kile, akashika mkono ule ule, akamuuliza mpangaji wa kwanza aliyeingia, "Ghorofa ya ngapi?" Tangu hapo hana jina jingine. Ni Mama Lifti.

Mimi nimeolewa na mdogo wake. Nina kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi pale chini, kinatazamana na lifti, kwa hiyo haya ninayosimulia mengi niliyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona niliyasikia, maana shimo la lifti linabeba sauti kuliko simu. Na niseme mapema: mimi si mtu mpole. Mpole ni wifi, na upole wake nusura umponze.

Ghorofa ya pili, ya tatu na ya nne zimepangishwa kwa makanisa. Yote matatu ni ya Kikristo, yote yanasoma kitabu kimoja, na hakuna hata mawili yanayosalimiana kwenye ngazi.

La ghorofa ya pili ni la Nabii, bwana mmoja mnene, mcheshi, mwenye suti za rangi ya maziwa. Kwake miujiza ni kama mlo, usipoipata asubuhi utaipata jioni. Anafundisha kwamba aliyetumwa na Mungu anajulikana kwa ishara, na asiye na ishara amejituma mwenyewe. Juu yake kuna Mwalimu, mwembamba, mwenye miwani, ambaye anafundisha kinyume: Kristo na mitume walitenda ishara ili watu wajue wametumwa, watu wakajua, kazi ikaisha. Cheti kikishatolewa, anasema, hakitolewi tena kila Jumapili. Ghorofa ya nne ni ya Katibu. Kanisa lao lina askofu, lakini askofu anaonekana mara chache kuliko mvua ya kiangazi, kwa hiyo mambo yote yako mikononi mwa Katibu. Wao wanakubali kwamba miujiza ipo mpaka leo, ila lazima ichunguzwe kwanza. Wamekuwa wakichunguza tangu kanisa lianzishwe na bado hawajapitisha hata mmoja.

Wifi hana kanisa maalumu. Jumapili anakuwa kazini, akisikia ibada zote tatu kwa pamoja kupitia kwenye shimo: nyimbo za ghorofa ya pili, hukumu ya ghorofa ya tatu, matangazo ya ghorofa ya nne. Aliwahi kuniambia kwamba zikichanganyika vizuri, zinatosha.

Juu kabisa, ghorofa ya tano, anaishi Bibi. Ni mshonaji mstaafu, mteja wangu wa vifungo, na miguu yake haiwezi ngazi. Kila asubuhi wifi alikuwa akimshusha na kiti chake, anakaa mlangoni kwenye jua, anawasema wapita njia mavazi yao, kisha anapandishwa. Akihitaji kitu akiwa juu, anagonga bomba kwa kijiko, na wifi anapanda. Watu hao wawili wamezoeana kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwingine anatafuta leso.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa mchana, katikati ya wiki, makanisa yote matatu yana vipindi. Umeme ukakatika. Korido za jengo letu hazina madirisha, umeme ukikatika ni giza totoro. Wifi alikuwa ndani ya lifti pale chini, mlango umefungwa, anashona upindo wa sweta yake. Hakushtuka. Aliwasha tochi, akaining'iniza shingoni ili mikono ibaki na kazi, akaendelea kushona.

Lifti ikaanza kupanda.

Taratibu, bila mlio, bila umeme. Mimi niliiona ikiondoka. Nilimwita wifi, naye akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hajagusa kitu. Kisha nikaona nyayo zake tu, kisha sikuona kitu.

Ghorofa ya kwanza kuna fundi wa meno. Mgonjwa mmoja aliyekwisha kuchomwa sindano na kuambiwa angoje kwenye korido alimwona mwanamke anapita gizani amekaa, uso unang'aa, mikono imekunjwa kifuani. Akadhani ni dawa ya ganzi. Ghorofa ya pili, Nabii alikuwa ndiyo kwanza amewaambia waumini wanyanyue macho wamwone Bwana anavyoinua wanyonge. Wakanyanyua. Mlango wao unatazamana na lifti. Kelele iliyotoka hapo ilifanya vifungo vyangu vicheze ndani ya mikebe.

Ghorofa ya tatu hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu alikuwa amesimama mbele, anatazama mlangoni, waumini wameupa kisogo mlango. Alikuwa anaeleza kwa nini siku hizi hakuna miujiza. Akamwona Mama Lifti anapaa. Ni yeye tu aliyeona. Walinisimulia kwamba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akasema, "Kama nilivyokuwa nikisema," na akaendelea. Ghorofa ya nne walikuwa kwenye kikao. Katibu akaandika kwenye muhtasari, chini ya mengineyo, kwamba mtumishi wa lifti alipita.

Lifti ilisimama ghorofa ya tano. Wifi akafungua mlango akamkuta Bibi amelala sakafuni mbele ya wavu, ameteleza, mguu umenasa chini ya kabati la viatu, kijiko kimerukia mbali asipoweza kukifikia. Akamnasua, akambeba mgongoni hadi kitandani, akamwekea maji. Kisha akashuka kwa ngazi kuja kuniomba bandeji.

Nakwambia ukweli, ningekuwa mimi ndiye mwenye kanisa, ningeuliza habari za Bibi. Hakuna aliyeuliza. Wote waliuliza habari za lifti.

Kesho yake Nabii alitangaza kwamba Mama Lifti ametumwa. Kwa ujumbe gani, hakusema. Alisema ujumbe utafuata. Waumini wakapanga foleni kuanzia barabarani. Wakaupaka mafuta mkono wa shaba mpaka ukawa unateleza. Wakakigusa kigoda, na wengine hawakuridhika kugusa, wakamenya vipande vya mbao wakaondoka navyo, kigoda kikaanza kuchechemea. Nabii akazima swichi kubwa ya umeme, akaamuru watu wapande lifti kwa imani.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Wakiingia wachache, lifti inapanda. Wakijaa, inashuka hadi stoo ya chini yenye maji machafu. Nabii, kwa kuwa hakuna kitu kinachomshinda kueleza, akaeleza kwamba wenye dhambi wanashuka. Wakaanza kuingia mmoja mmoja na wawili wawili ili wajijue. Wote walipanda, wakafurahi. Kisha wakaingia mpishi mmoja na dada zake, wanawake wanene wenye roho safi kuliko mtu yeyote mtaani, lifti ikawazamisha hadi stoo. Mpishi alitoka pale analia, sketi imelowa, anajaribu kukumbuka alimkosea nani. Nyuma yake akaingia kijana mmoja mwembamba anayejulikana na mtaa mzima kwa kuanua nguo za watu kwenye kamba. Akapaa hadi juu, anapunga mkono.

Mwalimu alifurahi sana. Alishuka hadi pale chini kutangaza kwamba lifti isiyomtambua mwizi haijatumwa na Mungu. Nikamuuliza kama ni kweli siku ile alimwona wifi akipita. Akasema aliona kitu ambacho hakikutokea.

Katibu naye akaja na tume. Wakampa wifi maswali: alisikia joto, alisikia sauti, aliona nuru? Wifi akasema nuru aliiona, ni ya tochi. Wakaandika nuru. Wakamaliza kwa kuuzungushia mlango wa lifti utepe na kuupiga muhuri wa nta, kwamba asipande mtu mpaka uchunguzi uishe. Nilimuuliza Katibu utaisha lini. Akasema uchunguzi wa mwisho ulikuwa wa babu mmoja aliyepona kikohozi, na yule babu ameshakufa kwa uzee.

Ndiyo maana mwenye jengo alipomleta fundi wa lifti, ilibidi fundi apitie darini. Alikaa huko muda mrefu, akashuka na grisi hadi masikioni, akaja kibandani kwangu kuomba kitambaa. Akaiona mizani yangu ya kupimia vifungo, akaitumia kutueleza. Upande huu chumba cha lifti, akasema, upande huu mzigo wa vyuma uliofungwa kwenye kamba ile ile. Chumba kikiwa chepesi, vyuma vinakivuta juu. Kikiwa kizito, kinashuka. Kinachozuia yote ni breki, na breki imelika, imekwisha. Umeme ukizimwa hakuna kinachoshika.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Na kwa nini saa ile?"

Fundi akafuta mikono kidole kwa kidole. "Mama," akasema, "mimi nashughulika na breki."

Mwenye jengo ni mtu aliyechoka. Anaishi mbali, ana ugonjwa wa tumbo, na makanisa matatu yalikuwa yanampigia simu kwa zamu. Alisema atatia breki mpya kwa sharti moja, kwamba wapangaji wake watatu waje na neno moja. Wasipoelewana, lifti ataifunga moja kwa moja, shimo alifanye stoo, na Mama Lifti aende nyumbani apumzike. Ngazi zipo.

Wifi aliposikia neno apumzike, alishika tama pale kwenye kigoda chake kibovu, na mimi nikaona kitu ambacho sikukiona hata siku ya msiba. Alikuwa anaogopa. Akipumzika, atapumzikia wapi? Kwetu, kwenye chumba cha nyuma, akitazama ukuta. Na Bibi atabaki kule juu mpaka siku ya kubebwa. Tangu aanguke hakuwa ameshuka hata mara moja. Wifi ndiye aliyekuwa akipanda ngazi zote zile na mkate na maji, magoti yakilia kama bawaba, na akifika Bibi anamuuliza kama jua bado lipo.

Basi wakakutana mbele ya kibanda changu watafute neno moja. Nabii akasema kutia breki ni kumfunga Mungu mikono. Mwalimu akasema breki itiwe, ila kwanza iandikwe na wote waweke sahihi kwamba hakuna kilichotokea. Katibu akasema kitu kinachochunguzwa hakitengenezwi. Wakazunguka hapo hapo kutwa nzima. Mwalimu alimwambia Nabii kwamba anawafanya watu wamtafute Mungu kwenye vyuma. Nabii akamwambia Mwalimu kwamba amemstaafisha Mungu bila kumuuliza. Yalikuwa maneno mazuri, ya wote wawili, nami ningeyafurahia kama wifi asingekuwa amekaa pale kando, mikono mapajani, anangoja kujua kama bado ana kazi.

Nikashindwa kuvumilia. Niliwaambia kwamba wote watatu wameihubiri lifti hii mpaka koo zimekauka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuipanda tangu siku ile. Nikamwambia Nabii mbele za watu kwamba anaogopa kushuka na mpishi. Nikamwambia Mwalimu kwamba anaogopa kupanda. Katibu nilimwambia anaogopa nta yake isivunjike. Wifi alinivuta gauni ninyamaze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Hakukuwa na pa kukimbilia. Katibu akaivunja nta mwenyewe, akisema ni kwa ajili ya uchunguzi. Wakaingia wote watatu, na wifi kwenye kigoda, kwa kuwa ndiyo nafasi yake. Swichi ikazimwa.

Lifti haikwenda popote.

Haikupanda, haikushuka. Kwa unene wa Nabii, wembamba wa Mwalimu, wastani wa Katibu na uzito wa wifi, mizani ililala sawasawa. Watu walitoa macho. Nabii akasema Mungu amenyamaza kwa sababu kuna asiyeamini humu ndani. Mwalimu akasema hicho ndicho anachofundisha. Katibu akaandika kwamba matokeo hayajakamilika.

Ndipo kijiko kikasikika kwenye bomba.

Wifi akainuka. "Nisubirini kidogo, Bibi ananiita," akasema. Akafungua wavu, akatoka, na kwa mazoea ya maisha yake yote akageuka akaufunga nyuma yake. Akaanza kupanda ngazi bila kuangalia nyuma. Na lifti, iliyopungukiwa na mtu mmoja, ikaanza kupaa na viongozi watatu wa dini.

Iliwapita waumini wao, kila ghorofa na wa kwake. Nabii alijaribu kubariki, Mwalimu alijaribu kuonekana kama mtu aliyebaki pale pale alipokuwa. Ikafika ghorofa ya tano, ikapitiliza, ikakwama. Tukawasha umeme, lifti haikushtuka. Tukampigia fundi simu, akasema yuko mwisho wa mji kwenye lifti nyingine, atakuja akimaliza, wasisogee.

Nilipanda hadi juu. Kwenye korido ya ghorofa ya tano, kwa nyuma ya wavu, kilichoonekana ni jozi tatu za viatu na vifundo vya miguu, vikiwa usawa wa kichwa changu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya viatu hivyo, anakula mkate. Wifi alikuwa kando yake anamfunga bandeji.

"Vya katikati vinataka soli," Bibi aliniambia.

Vya katikati vilikuwa vya Katibu. Kwa muda walikuwa bado wanabishana kule ndani, kisha chumba kikatikisika kidogo, kamba ikalia, ubishi ukakatika. Yaliyofuata yalisikika jengo zima, ghorofa kwa ghorofa, kwa waumini wa makanisa yote matatu. Nabii alianza kuita fundi. Hakuita malaika, aliita fundi, kwa sauti kubwa, akiuliza kama ana vifaa vyote na kama amesomea. Katibu alisema watolewe sasa hivi, bila kikao. Na Mwalimu alisikika anaomba. Aliomba vizuri, nisimseme. Alimwomba Mungu anyooshe mkono wake kama zamani, atende ishara, leo, hapa.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, na nilishindwa. Mtu mzima akiomba hivyo unaangalia pembeni.

Fundi alikuja jua likiwa linaelekea kuzama, akawateremsha kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, shibiri kwa shibiri. Walitoka wameshikana mabega. Kabla hata hawajafika kwenye mlango wa nje walikuwa wamepata neno moja, nalo lilikuwa breki. Mwenye jengo alisikia sauti zao kwenye simu, zote tatu kwa pamoja, akadhani kuna mtu amekufa.

Breki ikatiwa. Lifti sasa inapanda kwa umeme, inashuka kwa umeme, na umeme ukikatika inasimama kama mtu mwenye akili. Makanisa yamerudi kama yalivyokuwa. Nabii anahubiri kwamba breki yenyewe ilikuwa muujiza. Mwalimu hajasema lolote kuhusu siku ile na hakuna anayemuuliza, ila siku hizi anampisha Nabii kwenye ngazi. Tume ya Katibu bado inaendelea.

Asubuhi ya kwanza wifi aliniomba nikamsaidie kumshusha Bibi. Nikabeba kiti. Tulikuwa watatu ndani, Bibi ameegemea ukuta, mimi nimekumbatia kiti, wifi kwenye kigoda nilichokipigilia misumari upya. Wavu ukafungwa. Bibi akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba yule Nabii alikuwa amekuja kumtaka asimame mbele ya watu ashuhudie, aseme alivyomlilia Mungu pale sakafuni na Mungu akamtuma mtu.

"Nimemkatalia," akasema. "Ningekuwa mwongo. Sikumwita Mungu, mwanangu. Nilikuita wewe."

Mkono wa wifi ulikuwa juu ya shaba, haukusogea.

"Sikukusikia, Bibi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakuapia sikusikia kitu. Nilikuwa nashona."

"Lakini ulikuja."

Wifi alifuta macho kwa upindo wa sweta, ule ule aliokuwa akishona siku ile. Tukakaa hivyo pale juu, mlango umefungwa, breki mpya imetushika. Kisha wifi akajikohoza, akaketi sawa, akamuuliza kama anavyomuuliza kila mtu.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Chini," akasema Bibi. "Kwenye jua."